Ngazi ya Tisini na Nne

Daktari Millaray Curiqueo hakuniuliza inauma wapi.
Aliuliza, "Siku ile, ilikuwa ngazi ya ngapi?"
Ya tisini na nne, nikasema.
Miezi kumi na minne nimeitunza idadi hiyo
na hakuna aliyewahi kuitaka.

Basi nikamweleza. Valparaíso, kipupwe cha Julai,
mvua imelamba mawe yamekuwa sabuni,
piano ya mjane Escobedo ndani ya blanketi na kamba,
Nibaldo juu, mimi chini,
ukanda wa ngozi begani.
Nibaldo akateleza. Hakuachia, nasema hivyo kila mara,
hakuachia; ila uzito haukungoja ushahidi.
Ulinijia wote, na kiunoni
kitu kikalia ko,
kama ufunguo uliovunjikia ndani ya kitasa.

Tangu hapo soksi navalishwa na Hortensia.
Chafya naitangaza kwanza, nashika meza, nauma meno.
Kwenye basi nasimama, viti vitupu vikinicheka,
na watu husema: mbona u mzima?
Kweli. Mguu uliovunjika una plasta, rafiki huandika majina.
Mgongo hauna pa kuandikwa.

Picha nilikuja nazo katika bahasha:
eksirei mbili, na ile ya mashine ya sumaku
iliyonimeza nusu saa ikigonga kama mafundi wa bati.
Ripoti nimeikariri kama sala:
diski baina ya pingili ya nne na ya tano imefura,
imechakaa.
Neno hilo nimelibeba kuliko piano yoyote.

Aliiweka bahasha mezani bila kuifungua.
"Nitazitazama. Kwanza wewe."
Nikatembea kwa visigino, nikatembea kwa ncha za vidole
kama mwizi mzee.
Kinyundo gotini, mguu ukaruka. Kifundoni, ukaruka.
Nikalala chali, akauinua mguu ulionyooka
polepole, akitazama uso wangu, si mguu.
Akauliza yasiyoulizwa mezani:
mkojo unazuilika? Panapokaa tandiko la farasi, pana ganzi?
Homa za usiku? Umekonda bila kufunga?
Hapana. Hapana. Hapana. Hapana.
Kila hapana aliiandika kwa utulivu,
nami nikaanza kuogopa nitakosa ugonjwa.

Ndipo akazining'iniza picha kwenye mwanga.
"Diski hii," akasema, "ukiipigia picha foleni ya mkate kesho asubuhi
utaikuta kwa wengi,
nao wanakwenda nyumbani wakipiga mluzi."
Kwa hiyo nazua?
"Hapana, don Eleuterio. Maumivu ni ya kweli.
Kilichoumia kimepona, kadiri kinavyopona.
Lakini neva zako ziliweka mlinzi pale kwenye ngazi,
na hakuna aliyempelekea habari kwamba mvua imekatika.
Bado anapiga kengele,
hata akipita paka."

Nilitaka jina. Bima nao walitaka jina
la herufi na tarakimu, litoshe kisandukuni.
Akaandika kitu kirefu, mwishoni neno sugu.
Sugu ninayo begani, palipokaa ukanda
miaka ishirini na sita.
Hiyo haiumi hata kidogo.

Kalamu ikamponyoka, ikaviringika chini ya kiti changu.
Niliiokota, nikampa.
Akanyamaza. Nami nikanyamaza,
nikikumbuka kwamba siwezi kuinama.

Iliniuma? Baadaye ndiyo, usiku kucha.
Sitaki kudanganya.

Sasa natembea, dakika nane, kisha kumi, alivyopanga.
Jana nimefika ngazi ya arobaini.
Juu kule, kwa mjane, mtoto alikuwa akijifunza
kwa kidole kimoja, na noti moja ya katikati,
upande ule uliogonga ukuta nikiwa nayo,
ilitoka imepinda.
Akaipiga tena. Akaipiga tena.
Nikaketi juu ya jiwe bichi kwa mvua,
nikafunga kamba ya kiatu cha kulia.
Cha kushoto nikamwachia Hortensia.